Suksineti ilivyokuwa ikififia, na jinsi nilivyotatua

Nilikuwa napima jinsi mitokondria (viwanda vya nishati vya seli) za ini la panya zinavyotumia oksijeni ndani ya chemba. Zilipumua vizuri nilipozipa glutameti na maleti kama chakula. Kwa suksineti, chakula kingine, mambo yakaenda kombo: nikitia ADP (malighafi ya kutengeneza ATP), mstari wa kiasi cha oksijeni unashuka kwa kasi, halafu unaanza kulala taratibu ilhali ADP na oksijeni bado zimo tele.

Nilihofia utando wa nje wa mitokondria umechanika. Nikaongeza saitokromu c, protini ambayo huvuja utando huo ukichanika; kasi haikupanda. Utando ulikuwa mzima.

Kiini kilikuwa oksaloaseteti. Komplekisi ya II, mojawapo ya vimeng'enya vya mnyororo wa upumuaji, hugeuza suksineti kuwa fumareti, nayo huwa maleti, kisha oksaloaseteti, ambayo hurudi kuikaba komplekisi hiyohiyo ya II. Lakini maleti haigeuki oksaloaseteti bila NAD+, kibeba elektroni ambacho kikizipokea huwa NADH, na NAD+ hurejeshwa na komplekisi ya I. Ukiifunga komplekisi ya I, NADH inalundikana na mlango huo unafungwa.

Basi natia rotenoni, sumu inayoifunga komplekisi ya I, mikromola 1 kwanza, ndipo suksineti milimola 10. Mstari ukanyooka hadi ADP ilipoisha, na uwiano wa ADP kwa kila atomu ya oksijeni ukakaribia 1.5, kama inavyotarajiwa.

Anayepima peroksidi ya hidrojeni itokanayo na elektroni kurudi nyuma kwenye komplekisi ya I asitumie rotenoni, maana huzima kabisa mtiririko huo. Huyo atie glutameti, igeuze oksaloaseteti kuwa aspateti.

Tafadhali, osheni chemba kwa ethanoli mara kadhaa baadaye. Rotenoni hung'ang'ania kuta na kizibo, na kipimo kinachofuata cha glutameti, inayotegemea komplekisi ya I, kitaharibika.