Tukipanda, tutavuka: safari ya Wete msimu wa karafuu

Meli ya usiku ya kwenda Pemba huondoka bandari ya Malindi, Unguja, imejaa Wapemba wanaorudi kwao na magodoro, mafeni, magunia ya unga na nguo za watoto. Ijumaa niliyosafiri mimi ilijaa na mpira pia. Sitaha ya nyuma walikaa vijana wa Wete wanaoishi Darajabovu na Mtoni, wametandika majamvi, jezi za timu yetu wamezivaa juu ya makoti, na kamba za meli hazijafunguliwa walikuwa wameshaanza: tunapanda Ligi Kuu au hatupandi?

Timu yetu iko Ligi Daraja la Kwanza, kanda ya Pemba. Jina lake siliandiki. Ami yangu, ambaye yumo kwenye kamati tangu mimi sijaanza skuli, kaniomba nisilitaje mpaka msimu uishe, maana timu iliyokaribia kupanda huandamwa na kijicho, na neno lake kwangu lina uzito. Ni timu ya mtaa. Haina kikosi cha serikali nyuma yake wala tajiri wa kuilea. Ina kamati, ina daftari la michango, na ina watu waliorithi kuipenda. Siku ile ilikuwa ya tatu, pointi nne nyuma ya vinara, na ilikuwa na kiporo, mechi iliyoahirishwa, cha kuchezwa Jumapili uwanja wetu wa Finya, Wete. Kiporo hicho ndicho kilichotupandisha meli sote.

"Hesabu nyepesi," alisema kijana mmoja anayetengeneza simu Darajani. "Tukishinda kiporo, tunabaki nyuma pointi moja. Vinara bado hawajaja Finya. Wakija tunawafunga. Basi, tushapanda."

"Weye umeshawafunga humu melini," akamjibu mwenzake. "Kiporo hakijaliwa, yakhe. Na mabao je? Wao wamefunga mengi, sisi tunashinda moja bila, moja bila. Tukilingana pointi tumekwisha."

Kwa hesabu, nilikuwa upande wa huyu wa pili. Timu yetu ina ukuta mzuri; kipa anatoka langoni kwa wakati, mabeki wa kati wanajuana kwa sauti. Lakini mbele tuna mshambuliaji mmoja tu wa kutegemewa, na timu ya namna hiyo, akibanwa yule mmoja, hutoka sare na watu ambao ingewafunga. Sare tatu za mwanzo wa msimu ndizo zilizotuweka nyuma. Hilo nililisema, na nikapata wa kunipinga kutoka kila pembe ya sitaha.

Taa za Nungwi zilipobaki nyuma na meli ikaanza kuyumba, sauti zilishuka. Ni mahala ambapo Mpemba hapiti bila ya kusoma chochote. Maji haya ndiyo yaliyoimeza MV Spice Islander usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikielekea Pemba na abiria wengi kupita kiasi, na mitaa mingi ya kwetu ilikuwa na matanga wiki hiyo. Vijana walitia dua. Palikuwa na mama mmoja ameegemea mzigo wake, amejifunika kanga mpaka kichwani, nikidhani amelala. Akasema:

"Mwanangu anacheza timu hiyo hiyo mnayoitaja. Beki. Mimi nawasikia tu mnahesabu pointi. Mkipanda, wanangu, mtakuwa mnapita hapa msimu mzima. Mmelihesabu na hilo?"

Hakuna aliyemjibu mara moja. Kisha yule fundi simu akamwambia kwa adabu, "Tumelihesabu, mama, ila hatujalipatia jibu." Na kwa kweli safari yangu yote iliyobaki ilikuwa ni kuwasikiliza watu wakilitafuta jibu hilo.

Bandari ya Mkoani, Pemba, tulifika alfajiri. Mvua ya vuli ilikuwa imepita usiku, ule mlima wa kutoka bandarini unateleza, na gari za 603 zimepangana zikiita watu wa Chake. Nilikunywa chai ya tangawizi kwa mkate wa mofa, nikapanda. Kuanzia Mtambile harufu ya karafuu inaingia dirishani usitake: pembezoni mwa barabara majamvi yametandazwa, nyengine bado mbichi za kijani, nyengine zimeshaiva jua na kuwa rangi ya hudhurungi, na watoto wamewekwa kuzichunga kuku na mvua. Siku zikienda vizuri zitapelekwa kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali, na hapo ndipo pesa taslimu huonekana Pemba kwa wingi kuliko wakati wowote wa mwaka. Deni la dukani hulipwa, mahari hutolewa, bati hununuliwa. Na mchango wa timu hudaiwa.

Karafuu hizo hizo ndizo maumivu ya kocha. Vijana wanaocheza jioni ndio wanaopanda mikarafuu asubuhi. Kiungo wetu wa kushoto aliteleza tawini wiki mbili kabla, akateguka mkono, na tangu hapo anakaa kando ya uwanja na bendeji. Wengine hufika mazoezini miguu imekwisha. Huwezi kumkataza mtu kuchuma, maana timu haimlipi.

Kutoka Chake nilichukua 606 ya Wete. Tulipopita Gombani, abiria wa mbele alimwonesha mtoto wake uwanja kwa kidole, akamsimulia Januari ya 2025, Kombe la Mapinduzi lilipochezwa hapo na Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso mbili kwa moja kwenye fainali. Mtoto akauliza waliofunga wanatoka wapi. Baba yake alitaja majina, na kila jina alilotaja alilifuata na timu ya Unguja, ya Bara au ya nje. Nilitamani amtajie timu moja ya Pemba.

*

Baada ya Isha, baraza la kahawa lililo karibu na nyumba za maendeleo lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya baskeli zao. Dhumna ziliwekwa pembeni. Nilimwamkia ami yangu, "Shikamoo ami," akaniitikia na kunisogezea nafasi, na muuza kahawa akanipa kikombe kabla sijaomba. Hapa ndipo nilipopasafiria.

Ami alianza na historia, kama kawaida yake. Alitaja Jamhuri, ya hapa hapa Wete, waliobeba ubingwa wa Zanzibar mwaka 2003. Akataja Super Falcon ya Chake Chake, mabingwa wa mwaka 2012. "Nyie mnazungumza kupanda kama kwamba Pemba haijapatapo kukaa juu. Pemba imekaa kileleni. Bingwa wa Zanzibar anakwenda Ligi ya Mabingwa Afrika, anacheza na watu wakubwa. Tulikuwa sisi hao."

"Na baada ya 2012, ami?" aliuliza mwalimu mmoja wa skuli ya sekondari, mtu mpole anayeweka hesabu za kamati. "Naomba nitajie bingwa mmoja wa Pemba baada ya hapo."

Ami alinyamaza, mwalimu akataja mwenyewe. KMKM. Mafunzo. Zimamoto. JKU. Mlandege mara zake, na huyo ndiye pekee wa mtaani katika orodha. Wanne waliobaki ni vikosi: wazuia magendo, magereza, wazima moto, jeshi la kujenga uchumi. Mchezaji wa kikosi ana mshahara mwisho wa mwezi, ana sare ya kazi, akiumia goti ana pa kutibiwa, na akiacha mpira bado ana ajira. "Sisi tunampa mchezaji nini?" mwalimu aliuliza. "Tunampa jezi, tunairudisha ikafuliwe."

Halafu akalisema lile ambalo kila mtu barazani alikuwa akilijua na hakuna aliyetaka kulitamka. Mshambuliaji wetu ameshapigiwa simu na timu moja ya kikosi Unguja. Msimu ukiisha, tupande tusipande, anaondoka.

Palizuka kelele. Mmoja alitaka asichezeshwe tena. Mwengine alisema aitwe mbele ya wazee aape. Kijana wa kahawa, ambaye anacheza namba mbili timu ya vijana, alisema kwa sauti ndogo kwamba na yeye angekwenda. Mwalimu akamuunga mkono: "Ana mama, ana wadogo zake wanne. Ajira inamwita, mimi nimkatalie kwa sababu ya pointi zangu?"

Hapo nilisema na mimi. Nilisema kijana aachwe aende na aombewe heri, na kwamba hasira zetu tuzipeleke panapostahili. Kisiwa hiki kinatoa wachezaji kila mwaka, na ligi imepangika hivi kwamba njia ya mchezaji wa Pemba kuishi kwa mpira ni kuvuka bahari na kuvaa sare ya kikosi. Timu za mtaani huku zinabaki kuwa vitalu: tunaotesha, miche inapandwa kwengine. Sioni ubaya wa vikosi kuwa na timu. Vimelisha familia nyingi. Ubaya ni timu ya mtaa kupanda Ligi Kuu bila ya kujua nauli ya mechi ya pili itatoka wapi.

Maana nauli ndiyo habari yenyewe. Mwalimu alifungua daftari tukahesabu pamoja. Wachezaji, kocha na msaidizi wake, daktari wa timu, mtunza vifaa, kiongozi mmoja: si chini ya watu ishirini na tano. Kwenda na kurudi kwa meli. Gari ya Wete mpaka Mkoani, gari ya kutoka Malindi mpaka walipofikia. Na kwa kuwa meli hazilingani na ratiba ya ligi, mechi moja ya dakika tisini inaweza kukulaza Unguja siku tatu, watu ishirini na tano wale na walale. Mvuvi anakosa bahari siku hizo, wa bodaboda anakosa abiria, mwanafunzi anakosa darasa. Kusi likichafuka meli ikazuiwa, ongeza siku. Timu ya Unguja nayo huvuka, lakini inavuka ikija kwetu tu. Mechi zake nyingi ziko karibu na nyumbani. Sisi nusu ya msimu ingekuwa baharini.

"Kwa hivyo tusipande?" ami aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Tupande," mwalimu alijibu, "lakini tuanze kuchanga nauli sasa, wakati karafuu zipo majamvini. Tukingoja mpaka tumepanda, karafuu zitakuwa zimeshauzwa na pesa zimeshaliwa."

Ami hakukubali. Kwake yeye, kuchangisha nauli ya Ligi Kuu wakati uko nafasi ya tatu ni kutangaza harusi hujajibiwa posa. Watu watacheka, na tukishindwa hawatachanga tena mwakani. Waliomuunga mkono walikuwa wengi, na nawaelewa. Wameshawahi kuchangia ndoto iliyokufa. Mimi nilibaki na mwalimu. Hii ni nafasi ya kila mwaka mara moja, pesa ziko mikononi mwa watu mwezi huu na mwezi ujao. Tuliachana saa sita usiku bila ya kuamua.

*

Jumapili Finya palikuwa na watu mpaka juu ya miti. Kipindi cha kwanza tuliteseka. Wageni walikuja kukaba, mshambuliaji wetu alipewa mabeki wawili wa kumfuata hata akienda kunywa maji, na kwa faulo ya kizembe karibu na eneo la kumi na nane tukafungwa. Nilisikia baraza zima likinyamaza nyuma yangu.

Kocha alifanya jambo ambalo nampa heshima yake yote. Alimtoa kiungo, akaingiza winga mdogo wa miaka kumi na saba, mwanafunzi, na akamwambia mshambuliaji ashuke chini awavute wale wawili. Nafasi ikafunguka. Winga alisawazisha dakika chache baada ya kuingia, na kona ya mwisho mwisho beki wetu wa kati akaruka juu ya watu wote akaitia kwa kichwa. Mbili moja. Ami, ambaye hakimbii tena, alikimbia.

Pointi moja nyuma ya vinara. Jioni ile ile barazani habari ya nauli iliibuka upya, na safari hii aliyeliomba daftari ni ami mwenyewe. Hakusema amebadilisha rai. Aliandikisha pishi kumi za karafuu kavu, zipelekwe kituoni kwa jina la timu, akamrudishia mwalimu kalamu. Nyuma yake waliandika wengine saba au wanane. Mimi niliandika nauli ya watu wawili.

Zimebaki mechi tano. Vinara wanakuja Finya, na hiyo siiogopi. Pale kwetu, na watu wale, tunaweza kumfunga yeyote. Ninayoiogopa ni ya ugenini Mkoani wiki mbili zijazo. Beki wa kati aliyetufungia ana kadi zitakazomweka nje mechi hiyo, winga ana mitihani ya skuli asubuhi yake, na mshambuliaji sasa kila timu inajua namna ya kumkaba. Tukitoka Mkoani na pointi tatu, tunapanda.