Siku moja maishani mwangu: nesi wa wodi ya watoto njiti

Saa 12:45 asubuhi nishanawa mikono mpaka viwikoni, napokea ripoti kwa wenzangu wa usiku. Watoto saba, wote wametulia, ila leba kuna mama wa wiki 28 na uchungu umekolea. Nimeuliza kama kapata sindano za steroidi, wakasema zote tangu juzi, moyo ukatulia, maana ndizo zinakomaza mapafu ya mtoto akiwa bado tumboni.

Saa 2:50 kazaliwa, wa kiume, kilo 1 na gramu 100. Kalia kidogo halafu akaanza kuguna, kila akitoa pumzi "mmh, mmh", mbavu zinabonyea, pua zinatanuka. Ukiisikia hiyo sauti mara moja huisahau, ni mtoto anapambana mapafu yasijifunge. Tukamweka kwenye sipap, mashine inayosukuma hewa puani mapafu yabaki wazi, oksijeni tunayompa ikapanda mpaka asilimia 45 na bado, daktari akasema lete surfaktanti, dawa ya kuzuia mapafu yasijifunge.

Saa 3:30 nimeitoa kwenye friji, kichupa kidogo, dawa nyeupe kama maziwa. Naishika kiganjani ipate joto, naipindua polepole, haitikiswi. Hii yetu inatoka kwenye mapafu ya nguruwe, zipo za ng'ombe pia, na wazazi tunawaambia wazi kabla. Dozi yake ikaja mililita 2.75 tu jamani! Daktari akapitisha kamrija kembamba mpaka kwenye koo la hewa, akaisukuma taratibu, mimi macho kwenye monita, 45, 38, 30... nikajikuta na mimi navuta pumzi.

Saa 7 mchana mwanafunzi akaniuliza kimaji kidogo hivyo kinafanyaje kazi. Nikamwambia ndani ya vifuko vya hewa kuna unyevu na maji yanavutana, bila surfaktanti, ambayo mapafu yaliyokomaa hujitengenezea yenyewe, vinanywea kila akitoa pumzi, kuvifungua tena ni kazi nzito mno kwa njiti. Mtafiti Pattle, Uingereza, aliona mapovu ya kwenye mapafu hayapasuki, Clements wa Marekani akapima mvutano wenyewe, halafu 1959 daktari Mary Ellen Avery na Jere Mead wakaonyesha kwamba watoto waliokuwa wanakufa kwa ugonjwa huu wa mapafu kujifunga walipungukiwa na surfaktanti. Ila kujua sio kuwa na dawa: 1963 Patrick, mtoto wa Rais Kennedy, alikufa nao akiwa na saa 39 tu duniani, na alikuwa na kilo 2 na gramu 100, kwetu huyo ndo mkubwa wa wodi! Mpaka 1980 ndo Fujiwara wa Japani akaripoti watoto 10 aliowapa surfaktanti ya ng'ombe wakapata nafuu. Mwanafunzi alinyamaza, kijiko mkononi.

Saa 10 jioni mama kaletwa na kiti cha magurudumu, akaingiza kidole, mtoto akakikamata.

"Dada, mbona ile sauti siisikii tena?"

"Hana haja ya kuguna tena mama, mapafu yamefunguka."

Saa 12:45 jioni nakabidhi zamu, nimeandika kwenye faili: oksijeni asilimia 21, yaani hewa hii hii tunayovuta sote.