Siku Niliyojisifu Bila Kukusudia

Juzi usiku binti yangu alinisogezea daftari lake la Kiingereza, akitaka kujua kwa nini mwalimu amemkata alama kwa kuandika kwamba yeye ni "interesting" katika sayansi, ilhali alichokusudia ni kwamba analipenda somo hilo. Nilicheka mpaka akanuna.

Hakujua kwamba kosa hilo amelirithi. Nilipoitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Arusha, niliazima shati la kaka, nikafika saa nzima kabla ya wakati. Chumbani mlikuwa na feni iliyopeperusha barua yangu ya maombi, na mama mmoja wa makamo aliyeibana mezani kwa kidole kimoja isiruke. Aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini niliitaka kazi ile. Nilijiweka sawa kitini na kutamka, kwa sauti ya mtu aliyekariri njia nzima: "Madam, I am very interesting."

Kidole hakikutikisika. Alivua miwani, akanitazama kuanzia kola hadi viatu kama anayelikagua dai langu kwa haki, kisha akasema kwa Kiswahili cha upole: "Hilo, kijana, tutaliamua sisi."

Nami nikamshukuru!

Kazi niliipata. Miezi ilipita kabla sijang'amua kwamba "interesting" ni yule anayevutia na "interested" ni yule anayevutiwa, na kwamba sisi tofauti hiyo tunaibeba kwa sauti moja tu, ile "w", ambayo hata mtoto wa chekechea haikosei. Kwa nini tunaiangusha njiani tunapovuka kwenda Kiingereza, sijui. Nashuku ni kwa sababu darasani tulikaririshwa "boring" na "bored" kama msamiati wa mtihani, pasipo mtu kutuambia kwamba la kwanza ni la mwenye kuchosha na la pili ni la aliyechoshwa.

Nilimweleza binti yangu hayo yote, pamoja na habari za shati. Alifuta, akaandika upya, kisha akauliza kama yule mama aliniajiri kwa kuwa nilivutiwa na kazi au kwa kuwa nilivutia.

Nilimwambia aendelee na swali la nne.