Ukoo wa Sykes: nimeacha kufuata jina, nimefuata shamba

Baada ya miezi minane ya kugonga mwamba katika kutafuta mababu wa ukoo wa Sykes, wiki hii nimerudi nyuma vizazi viwili kabla ya 1538. Wenzangu wanaujua mwaka huo: kabla ya amri ya Thomas Cromwell, parokia za Uingereza hazikuwa na wajibu wa kuandika ubatizo, ndoa wala maziko. Nyuma yake nilikuwa na orodha ya kodi ya kichwa ya 1379 ya West Riding, sehemu ya Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, yenye watu walioandikwa del Sykes, na katikati miaka 159 isiyo na kitu.

Upande wa vinasaba haukunitesa. Shemeji yangu, ambaye ni Sykes, na mzee mmoja wa familia ya Sikes walipimwa alama 111 za kromosomu Y, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana, wakatofautiana katika 6. Undugu upo, lakini babu yao wa pamoja angeweza kuishi karne ya 15 au ya 17, na kipimo hakisemi zaidi ya hapo.

Kilichonikera ni jina lenyewe. Sike ni kijito au mfereji, na West Riding imejaa mifereji. Kwa hiyo Johannes del Sykes wa kijiji hiki hakulazimika kumjua mwenzake wa kijiji cha pili. Msomaji wa pwani anaelewa kwamba nisba ya mji haiwafanyi wote wanaoibeba kuwa ndugu. Isitoshe, mwaka 1379 mtoto aliweza kuandikwa kwa jina la baba au kwa kazi yake, na kwa kuwa mume na mke walilipa pamoja peni 4, mke mara nyingi ni “et uxor eius” (“na mke wake”) tu, na watoto chini ya miaka 16 hawamo.

Ndipo nilipogeukia magombo ya mahakama ya umwinyi ya Wakefield, yaani kumbukumbu za mahakama ya mwinyi mwenye ardhi, yanayoanzia 1274. Mpangaji alipofariki, mrithi alifika kulipa ada ya kuingia shambani, na karani akaandika alikuwa nani kwa marehemu. Shamba moja la Holme, lenye mipaka ileile, limepita kwa baba, kisha kwa wana wawili; mmoja ameandikwa Syke, mwingine Sikes, kwa mkono wa karani mmoja, katika ukurasa mmoja! Nilisoma Kilatini kile mara nne kabla ya kuamini.

Yote nimeyaingiza katika Gramps, programu ya kompyuta ya miti ya ukoo, ambayo huniruhusu kupima uzito wa kila ushahidi. Kiungo hiki nimekipa “wastani”, kwa sababu shamba lingeweza kupitia kwa mkwe. Miti ya intaneti inayomfikisha kila Sykes kwa William Mshindi, mfalme aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, bila hati hata moja sitaigusa.

Nilipanga kuendelea na kodi ya meko ya 1672. Badala yake, tangu juzi nachora ramani ya mifereji ya Holme, nikitafuta ule uliopakana na shamba lile.