Waliponiambia nipunguze mawazo

Msimu ule wa korosho nilipima magunia nimevaa sweta. Mwezi wa Novemba, Mtwara hii hii, jua la saa saba, wabeba mizigo wanajipepea kwa vipande vya maboksi, na mimi karani niko nyuma ya mizani na sweta la shule la mwanangu. Baridi ilikuwa mifupani. Wakanitania eti nimehamia Makete. Nikacheka nao, maana hata kununa kunataka nguvu.

Kazi yangu ni kupima na kuandika: jina la mkulima, daraja, kilo, stakabadhi. Nimeifanya miaka tisa, na sifa yangu ilikuwa kwamba sirudii hesabu. Mwaka ule nikaanza kurudia, kisha nikaanza kukosea. Mzee mmoja wa upande wa Naliendele alikuja na karatasi yake imekunjwa mara nne. Kwenye daftari langu ana kilo 74, kwenye stakabadhi yake 47.

"Mjukuu wangu, kusoma sijui, kanisomea mtoto. Ila kilo zangu nazijua."

Foleni nzima ikanyamaza. Huku kwetu karani akikosea kilo mara moja, kakosea. Mara ya pili anaiba. Mara ya tatu ana kangomba wake, mnunuzi wa korosho wa magendo, nyuma ya nyumba, na magunia watu watakuhesabia. Mwenyekiti wa chama chetu cha ushirika akanivuta pembeni, akasema nipumzike wiki mbili. Neno wizi hakulitamka, lakini daftari alilichukua yeye.

Nyumbani nako hakukuwa na tofauti. Siku moja mama alinikuta nimekaa juu ya mbuzi, nusu ya nazi mkononi, sinia tupu chini, na alasiri inaadhiniwa. Nilikaa pale baada tu ya adhuhuri. Mpaka leo sikumbuki nazi ile ilikuwa ya mboga gani. Nilinenepa na chakula hakipiti. Choo mara moja kwa wiki. Sauti ikawa nzito mpaka mdogo wangu akipiga simu anauliza, "Shemeji, dada yuko wapi?"

Huzuni yenyewe haikuwa ya kulia, kulia ningeshukuru. Niliwatazama wanangu wakila ugali wa muhogo na nikawaona kama watoto wa jirani waliokuja kucheza. Usiku mmoja nikawaza kwamba nyumba ingekuwa nyepesi bila mimi. Na niliwaza kwa utulivu kabisa, kama mtu anayepanga safari ya Masasi. Utulivu ule ndio ulionitisha. Nikaenda kumwamsha mama, nikamwambia lilivyo. Hakunihubiria. Alihamishia mkeka wake chumbani kwangu, akalala pale mwezi mzima.

Mjomba alipanda gari kutoka Newala, akanitazama uso ulivyovimba, akasema nimechezewa. Vituo vya afya vitatu nilivyopita, kwa nyakati tofauti, viliniambia malaria hakuna, nikapewa vidonge vya kuongeza damu, na kila mahali nikaagwa kwa maneno yale yale: "Dada, punguza mawazo."

Nipunguze yapi? Mawazo ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Nilikuwa nafungua mdomo kumwita mtoto na jina linachelewa kuja, kama basi lililokwama njiani.

Aliyenifumbua macho ni daktari kijana, msichana wa kunifuata kwa miaka kumi. Aliniambia nipige magoti juu ya kiti, nyayo zining'inie nje, akaugonga mshipa wa nyuma ya kisigino kwa kinyundo cha mpira. Mguu ukaruka kama kawaida, lakini kurudi! Ulirudi taratibu, kama jahazi linalogeuka bila upepo. Akagonga tena, akaniambia nigeuze shingo nitazame mwenyewe. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya nyusi zangu: ncha za nje hazikuwepo. Mimi niliyejitazama kwenye kioo kila asubuhi sikuwa nimeona.

Damu ilipimwa kipimo kinachoitwa TSH. Alinieleza kwamba kooni kuna tezi ya thairoidi, umbo lake kama kipepeo, na homoni zake ndizo zinazoamua mwili uende mwendo gani: moyo, utumbo, joto, na ubongo pia. Tezi ikizembea, ubongo hutoa TSH nyingi zaidi kuiamsha. Mtu mzima kwa kawaida haizidi 4 hivi. Mimi nilikuwa na 68. Yaani ubongo wangu ulikuwa unagonga mlango usiku na mchana, na mwenye nyumba kalala.

"Hukuugua kwa sababu ya mawazo, dada," akasema. "Una mawazo kwa sababu unaumwa."

Hapo ndipo nililia, baada ya miezi.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1949 daktari wa Uingereza, Richard Asher, aliandika kuhusu wagonjwa 14 waliochanganyikiwa akili kwa sababu ya tezi hii, na wengi wao walipata nafuu walipopewa dawa ya tezi. Nilimsomea mjomba habari hiyo. Akasema Wazungu nao wanachezeana.

Dawa ni levothairoksini, kidonge kimoja alfajiri kwa maji matupu, chai ningoje angalau nusu saa. Baada ya wiki sita nikarudi kupimwa, nikijua nimepona. TSH ilikuwa bado 19. Kumbe vile vidonge vya damu nilikuwa navimeza pamoja na kidonge hiki, na madini ya chuma huzuia dawa isiingie vizuri mwilini. Siku hizi nimeviachanisha kwa saa nne. Ramadhani nilimuuliza daktari, tukahamishia kidonge usiku, muda wa saa tatu au zaidi baada ya kufuturu. Majirani walinishauri nile chumvi ya madini joto kwa wingi. Daktari akakataa, tezi yangu inashambuliwa na kinga ya mwili wangu mwenyewe, na madini joto ya kupitiliza yanaweza kuizidishia shida.

Joto lilirudi kwanza. Halafu choo, halafu sauti. Kichwa kilikuja mwisho, na hakikuja chote. TSH ilipofika 2.8 bado nilikuwa naamka saa nane usiku najumlisha kilo za watu ambao walishalipwa zamani. Nilidhani dawa imeshindwa. Daktari akasema kidonge kimefanya kazi yake, hii iliyobaki ni ya kuzungumza, akanipeleka kwa mtu wa afya ya akili. Nilikwenda mara saba. Mara mbili za mwanzo niliona aibu, nikavaa nikabu ambayo kwa kawaida sivai.

Msimu uliopita nilirudishiwa daftari. Mzee wa Naliendele alikuja siku ya tatu, gunia begani kwa mjukuu wake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Akaniangalia kuanzia kichwani. "Sweta leo huna?"

"Sina, babu. Joto."

Nikasoma mizani kwa sauti, kilo 61. Naye akarudia, 61, na mjukuu wake akarudia. Nikaandika daftarini, nikaandika kwenye stakabadhi, nikazilaza mbili hizo pamoja mbele yake. Alisubiri mjukuu asome zote mbili ndipo akakunja ya kwake mara nne.