Futi ya fundi imeniumbua

Mizani inasema uzito wangu uko sawa, ila zipu ya sketi imegoma. Nikaazima futi ya fundi, nikaizungusha kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, nikashusha pumzi (ukibana tumbo unajidanganya mwenyewe): sentimita 84! Kwa mwanamke, ikishafika 80 hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo inaanza kupanda. Na mimi ndio kwanza mwaka wa pili chuoni.

Sababu nazijua. Kukesha na notisi hadi saa nane usiku, soda pembeni, asubuhi nakimbilia darasani bila kula, jioni nafidia kwa sahani mbili. Kutwa nzima nimekaa. Halafu kitambi kwetu ni cha ukoo, mama anacho, shangazi anacho. Jana nimepanda ngazi nikaiacha lifti. Ghorofa ya tatu nikakaa chini kabisa, nikijifanya nafunga kamba za viatu.