Haipavaiza yangu: L1 ya biti 32 imebuti, mchawi alikuwa disiplesimenti hasi

Imebuti jamani!! Haipavaiza ni programu inayoendesha mashine pepe: yangu ni L0, ndani yake kuna haipavaiza nyingine, L1, nayo inaendesha mashine yake, L2. L1 ya biti 32 imepita VMPTRLD, ikapita VMLAUNCH (amri za Intel za kuendesha mashine pepe), na L2 imechapa herufi yake ya kwanza kwenye siriali.

L1 ya biti 64 ilikuwa inaenda safi zamani. Hii ya 32 ndo ilikuwa inakufa, tena kwa mtindo wa kuudhi: VMXON inapita, VMCLEAR inapita, ikifika VMPTRLD L0 yangu inaichomekea folti namba 12, #SS (kosa la segmenti ya steki), na L1 haina hendla ya 12 kwa hiyo inaanguka hapo hapo. Halafu ukiikompaili kwa -O2 (kompaila ikiboresha kodi) shida inapotea, ukirudisha -O0 (bila kuboresha) hii hapa tena. Nikafungua baineri: -O0 inatoa vmptrld -0x14(%ebp), -O2 inatumia esp na disiplesimenti (namba iliyo ndani ya amri inayojumlishwa kwenye anwani) chanya. VMXON na VMCLEAR pointa zao ziko kwenye variabo za globali, steki hawaigusi kabisa.

Kilichoniumiza kichwa ni logi. EBP ilikuwa 0x107F40, toa 0x14 unabaki na 0x107F2C, na logi ilikuwa inachapa 0x107F2C hiyo hiyo! SS besi yake 0, limiti 4GB, sasa nani anavunja limiti hapa? Nikashuku RSP, maana rejista namba 4 haikai na wenzake, unaisoma kwenye VMCS (eneo la memori ambamo prosesa inaweka hali ya mashine pepe). Nikashuku haki za segmenti. Nikarudia 0x440E (fildi ya VMCS inayoeleza operandi ya amri) biti kwa biti, skeli 0 na 1, saizi ya anwani 7 hadi 9, segmenti 15 hadi 17, indeksi 18 hadi 21 na ya 22 inayosema indeksi haipo, besi 23 hadi 26 na ya 27 inayosema besi haipo, zote ziko sawa kabisa na bado #SS.

Ikabidi nichape kila hatua ya hesabu. Kumbe kwenye 0x6400 (fildi ya VMCS inayobeba disiplesimenti) prosesa inaleta 0x00000000FFFFFFEC. L0 ni ya biti 64, kwake hiyo sio hasi 20, ni namba chanya inayokaribia 4GB. Jumlisha na EBP unapata 0x100107F2C, na hiyo ndo inayoenda kukaguliwa limiti, lazima izidi. Anwani ya mwisho inakatwa kuwa biti 32 na ndo inayochapwa kwenye logi, kwa hiyo unachokiona ni sahihi na kilichokaguliwa ni takataka.

Na manyuali ya Intel nayo! Inaanza kwa kusema disiplesimenti inatandazwa alama (biti ya hasi inarudiwa hadi juu) hadi biti 64 ikibidi, halafu chini kidogo ndo inasema biti zinazozidi saizi ya anwani ya amri hazina thamani ya kutegemewa. Ukiishia ile sentensi ya kwanza umekwisha. Hata KVM, haipavaiza ya Linux, ilikuwa na bagi hii hii hadi 2019. Wenzetu wa AMD wanakula raha, VMRUN (amri yao ya kuingia mashine pepe) anwani yake iko kwenye RAX, hamna cha besi wala indeksi.

Dawa yenyewe fupi: saizi ya anwani ikiwa 1 (biti 32) pitisha kwenye int32_t, ikiwa 0 (biti 16) int16_t, ndo utandaze hadi 64. Jumlisha besi na indeksi, kisha kata kwa saizi ya anwani KABLA ya kukagua limiti, maana indeksi nayo inaweza kubeba hasi, ECX yenye 0xFFFFFFFF inakurudisha kule kule. Ila RIP (rejista ya anwani ya amri) usiiguse, kwenye anwani za kutegemea RIP prosesa imeshaijumlisha.

Kuhusu zana, gdb (dibaga) kwenye tabaka tatu mi nimeiacha, hujui breki pointi ni ya nani. Siriali na printi za hovyo ndo zimeniokoa, na Bochs (emuleta ya PC) nikitaka kuona rejista baada ya kuanguka.

Mpango ulikuwa niingie EPT ya ndani (majedwali ya anwani za memori ya mashine pepe) sasa, ila nimepata wazo: L1 itengeneze operandi za kila aina, ifanye kwanza LEA (amri inayokokotoa anwani tu bila kugusa memori) ya operandi hiyo, jibu likae kwenye rejista isiyotumika, halafu VMPTRST (inayoandika pointa ya VMCS kwenye memori) ya operandi ile ile, na L0 ilinganishe hesabu yake na jibu la LEA. Prosesa yenyewe ndo inakusahihishia mtihani! Tayari imeshika kitu, ukiweka prifiksi 0x67 (inayobadili saizi ya anwani), BP ikiwa 0xFFF0 na SI 0x20, LEA inasema 0x0010 na mi nasema 0x10010, ile njia ya biti 16 sikuwa nimeiwekea kukata. Nimeiweka, usiku huu inazunguka na skeli zote nne. EPT itasubiri.